Ndege Wako Anapasuliwa: Mwongozo Kamili wa Kulinda Maisha Yake Kabla, Siku Yenyewe na Baada

Karibu kila mtu aliyenipigia simu kuhusu ndege aliyekufa baada ya kupasuliwa amenisimulia mambo yaleyale. Upasuaji ulikwenda vizuri. Ndege alizinduka, akasimama, akarudishwa nyumbani. Usiku wa pili au wa tatu akafa. Nikiuliza alikuwa na gramu ngapi siku ya kwanza, kimya. Nikiuliza usiku ule chumba kilikuwa na joto kiasi gani, kimya tena.

Nawaandikia watu wa Dodoma na mikoa ya jirani, tunaoishi na upepo, vumbi, jua kali la mchana na ubaridi wa usiku, na ambao mara nyingi daktari mzoefu wa ndege hayuko mtaani kwetu. Mwongozo unahusu kasuku, cherero (kasuku mdogo), njiwa, na pia kuku au kanga anayefugwa kwa mapenzi. Hauchukui nafasi ya daktari. Unaeleza kazi ambayo daktari hawezi kukufanyia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mizani ya buchani haifai. Cherero ana kama gramu 50 tu, na kwake gramu 5 ni sehemu ya kumi ya mwili.
- Daftari na kalamu, vikae hapohapo penye mizani.
- Boksi gumu au tundu dogo la safari lenye matundu ya hewa.
- Kipimajoto cha chumba.
- Chupa mbili za plastiki zenye vifuniko imara kwa ajili ya maji ya moto, na balbu ya kizamani inayotoa joto kama umeme upo.
- Vitambaa laini na kanga nyepesi. Taulo yenye nyuzi zilizochomoza inanasa kucha.
- Karatasi nyeupe za kutandika chini, ili uone kinyesi vizuri.
- Mabomba ya sindano ya mililita 1 na 5, bila sindano zenyewe.
- Namba za simu mbili: ya daktari wako, na ya mwingine atakayepokea usiku.
- Kama ni ndege wa porini kama kasuku au cherero, kibali cha kumfuga. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakudai hicho, na ukisafiri naye kiwe mkononi.

## Hatua ya 1: Mpime uzito siku saba mfululizo

Fanya hivi hata kabla hujakubali upasuaji, isipokuwa kama ni dharura ya kutokwa damu au yai lililokwama.

Ndege ni mwindwa. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa, kwa hiyo anaficha ugonjwa mpaka nguvu ziishe kabisa. Anaweza kuinama kwenye kibakuli na kuzipasua mbegu bila kumeza chochote, nawe ukadhani amekula. Uzito hauna namna ya kukudanganya hivyo.

Kasuku wangu, Siti, nilimzoeza hivi. Niliweka kijiti kifupi juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikamnyooshea mkono. Alipanda, akainamisha shingo kuzitazama namba, akatulia kwa sekunde tatu. Gramu 438. Nikaandika, nikampa kipande cha papai. Siku ya nne alikuwa akikimbilia mizani mwenyewe.

Pima asubuhi, akishajisaidia na kabla hajala. Andika tarehe, gramu, na neno moja kuhusu kinyesi.

Kinyesi cha ndege kina sehemu tatu: kijani au kahawia katikati, cheupe kama chokaa, na maji kidogo pembeni. Kikiwa kidogo, cha kijani kilichokolea na kimebaki cheupe tu pembeni, ndege huyo hali, hata kama kibakuli kimejaa maganda.

Umefaulu ukiwa na: namba saba, na wastani wake. Hiyo ndiyo namba utakayoishikilia mwezi mzima ujao. Akipungua sehemu ya kumi kutoka hapo, hiyo ni dharura. Mpigie daktari siku hiyohiyo.

## Hatua ya 2: Andika maisha yake yalivyo, wala si ugonjwa wake tu

Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndipo penye uzito kuliko pengine pote.

Ukurasa wa kwanza wa daftari, andika mambo matano ambayo ndege wako anayapenda na ambayo yanamfanya awe yeye. Usiandike mambo ya ndege kwa ujumla. Siti: kupiga mluzi wa bodaboda saa 12 jioni mume wangu anapoingia, kuoga kwenye sufuria, kuchana maboksi, kukwaruzwa nyuma ya shingo, kugombana na kunguru wa dirishani. Njiwa wa jirani yangu wa Nkuhungu: kuruka na wenzake asubuhi, na kulala ubavuni mwa jike wake.

Kisha muulize daktari: baada ya upasuaji huu, yapi kati ya haya matano yatarudi, na yapi yanaondoka moja kwa moja? Kasuku anayekatwa bawa bado anaweza kupanda, kula, kuzungumza na kugombana. Kwake maisha yapo. Njiwa ambaye raha yake yote ni angani, akabaki chini kati ya wenzake wanaompiga, ni hesabu nyingine.

Kwa vipimo vya kila siku, tumia kipimo cha ubora wa maisha cha daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos. Alikitengeneza kwa ajili ya mbwa na paka wagonjwa, lakini kwa ndege kinasaidia pia. Mambo ni saba, kila moja pointi 0 mpaka 10, na 10 ndiyo hali njema kabisa (kwenye maumivu, 10 ni kutokuwa nayo): maumivu, chakula, maji, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Jumla ikizidi 35, kwa kawaida kuna maisha ya kuendelea kuyalinda.

Kipengele cha maumivu kinahitaji jicho, maana ndege haombolezi. Tazama haya: manyoya yaliyovimba mchana wa joto, jicho lililofumba nusu, kusimama pembeni bila kujisafisha manyoya, kulala sakafuni, ukimya wa ndege mpiga kelele, au ukali wa ghafla kwa ndege mpole.

Jaza pointi kila jioni, na mtu mwingine wa nyumbani ajaze zake bila kuona zako. Nasema hivi kwa sababu anayempenda zaidi ndiye anayemwongezea pointi.

Umefaulu ukiwa na: orodha ya mambo matano, pointi za siku saba kutoka kwa watu wawili, na jibu la daktari kuhusu kila kitu kilichomo kwenye orodha.

## Hatua ya 3: Muulize daktari, na mkubaliane mapema

Hakikisha kwanza ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Muuza dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema na mwenye uzoefu wa kuku, lakini upasuaji si kazi yake. Kama Dodoma hukumpata anayewapasua ndege, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro kina hospitali ya wanyama, kama kilomita 260 kwa barabara.

Maswali yangu ni haya:

1. Umewahi kumpasua ndege wa ukubwa huu? Mara ngapi?
2. Utatumia dawa gani ya usingizi? Ya kuvuta kama aisoflureni ndiyo inayopendelewa kwa ndege, kwa sababu kiwango chake hurekebishwa papo hapo na ndege huzinduka haraka.
3. Utamtunzaje joto akiwa mezani? Mwili wa ndege una joto la nyuzi 40 hadi 42, na unapoa haraka sana akishalala.
4. Utampa dawa gani ya maumivu, na nitaendelea nayo nyumbani kwa siku ngapi?
5. Gharama yote ni shilingi ngapi, pamoja na kurudi kuangaliwa?
6. Ukifungua ukakuta ugonjwa umeenea, tufanyeje?

Swali la sita usiliache. Kama uvimbe umeshashika ini, ndege yuko usingizini na hana maumivu. Unaweza kukubaliana na daktari kwamba asizinduliwe. Uamuzi huo ukiufanya nyumbani kwa utulivu, unautazama vizuri. Ukiufanya kwa simu ya dakika mbili umesimama kwenye foleni ya benki, utaujutia kwa namna yoyote utakavyoamua.

Elewa pia habari ya damu. Damu ya ndege ni kama sehemu ya kumi ya uzito wake. Cherero wa gramu 50 ana mililita 5 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ndiyo yote aliyo nayo. Ndiyo maana daktari anayekataa kumpasua cherero mgonjwa sana anaweza kuwa ndiye mwenye huruma.

## Hatua ya 4: Mzoeze ugonjwa akiwa bado na nguvu

Ukipata wiki moja au mbili, zitumie.

Mzoeze kunywa kwenye bomba la sindano. Anza na tone la juisi ya papai ncha ya bomba, alirambe mwenyewe. Mzoeze kufunikwa na kitambaa kwa sekunde chache kisha tuzo. Mlaze usiku mmoja kwenye tundu la ugonjwa. Ndege anayekutana na bomba, kitambaa na tundu geni siku moja na kidonda, anakataa vyote.

Chakula nacho kirekebishe polepole. Huku kwetu alizeti ni rahisi kuipata, na kasuku wengi wanalishwa hiyo tu kuanzia Januari mpaka Desemba. Ina mafuta mengi, haina kalsiamu ya kutosha, na Vitamini A yake ni haba. Siti alipata uvimbe wa mafuta kifuani akiwa amekula alizeti miaka tisa mikononi mwangu. Ongeza uwele na mtama, mchicha, karoti, boga, papai. Usimwondolee chakula alichokizoea kwa siku moja. Anaweza kushinda njaa kuliko kugusa kipya, na huu si wakati wa kupungua gramu.

Parachichi usimpe kabisa, hata kidogo. Ni sumu kwa ndege.

Umefaulu kama: anaramba bomba bila kushikwa, na uzito haujashuka.

## Hatua ya 5: Tayarisha chumba cha mgonjwa

Chumba kiwe tayari kabla hujatoka nyumbani kwenda kwa daktari.

Tundu liwe dogo na liwe chini. Toa vijiti vya juu. Acha kimoja, sentimita chache kutoka sakafuni, akianguka asiumie. Tandika kitambaa, juu yake karatasi nyeupe. Maji na chakula viwe hatua moja kutoka anapokaa.

Joto liwe nyuzi 27 hadi 30 upande mmoja, na upande wa pili uwe na ubaridi kidogo ili achague mwenyewe. Ubaridi wa usiku ndio adui mkubwa wa ndege aliyepasuliwa hapa Dodoma. Mwezi wa sita na wa saba, usiku hushuka mpaka kama nyuzi 14, na nyumba ya tofali iliyokuwa na moto saa 9 mchana inakuwa jokofu saa 10 alfajiri. Ndege mwenye afya anavimbisha manyoya na kuvumilia. Aliyenyolewa kifua na kushonwa anaunguza chakula chote alichokula ili tu asipoe, na asubuhi unamkuta amelala ubavu.

Weka balbu nje ya tundu, upande mmoja, ikiwa imekingwa ili mwanga usimkoseshe usingizi. Umeme ukikatika, jaza chupa maji ya moto, zifunge kwa kanga mara mbili, ziegemeze kwenye tundu, na uzibadilishe kila zinapopoa. Weka kengele ya simu saa 8 usiku na saa 11 alfajiri. Mwezi wa kumi na kumi na moja hesabu inageuka: mchana usiwashe chochote. Akihema mdomo wazi na kutanua mabawa, amezidiwa na joto.

Onyo ambalo nalisema kwa uchungu: usiingize jiko la mkaa chumbani. Nilifanya hivyo na njiwa wangu wa kwanza aliyeshonwa gole (mfuko wa chakula ulio chini ya shingo), usiku wa Julai, nikidhani namsaidia. Nilimkuta amekufa akiwa amesimama kwenye kona, kichwa kimeegemea ukuta. Mapafu ya ndege yanavuta hewa kwa ufanisi kuliko yetu, na sumu inayokuumiza kichwa wewe inamuua yeye. Kwa sababu hiyohiyo ondoa udi, ubani, dawa ya mbu ya kuwasha na ya kupuliza, rangi mbichi, na kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi.

Vumbi nalo: funga dirisha la upande wa upepo, na deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia.

Umefaulu kama: kipimajoto kimebaki kati ya 27 na 30 usiku mzima wa majaribio, kabla ya ndege kuingia.

## Hatua ya 6: Safari na siku yenyewe

Muulize daktari ndege akae bila chakula kwa saa ngapi kabla ya upasuaji, uandike. Usitumie kanuni ya mbwa ya kulala njaa usiku kucha. Gole linatakiwa liwe tupu ili chakula kisirudi na kuingia kwenye njia ya hewa, lakini ndege mdogo akikaa muda mrefu bila kula sukari ya mwili inaisha.

Kama mnaenda Morogoro, ondokeni saa 10 alfajiri, ili mpite Kibaigwa na Gairo jua halijawa kali. Boksi likae kwenye mapaja au sakafuni mwa gari, kamwe si kwenye buti. Lifunike kwa kanga, acha upande mmoja wa hewa.

Kliniki zetu nyingi hupokea kuku wagonjwa. Mdondo unaambukiza, kwa hiyo usiweke boksi sakafuni na usimruhusu mtu aliyetoka kushika kuku amshike wako. Kama wako ni kuku, awe amechanjwa wiki kadhaa kabla.

Ukimshika, usimbane kifua. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Anahema kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Mkono ukiuzuia huo, anakosa hewa mikononi mwako akiwa haonyeshi kupigana.

Kabla ya kuondoka, omba jambo moja ambalo karibu hakuna anayeliomba: kilichotolewa kipimwe uzito. Siti aliingia na gramu 438, uvimbe ulikuwa 24. Kwa hiyo namba yake mpya ilikuwa 414. Bila kujua hilo ningeliona 410 kesho yake nikaingiwa na hofu bure, au, vibaya zaidi, ningezoea kuona anashuka na kusema ni ule uvimbe.

## Hatua ya 7: Saa 24 za kwanza

Mweke chumbani, punguza mwanga, ondoa watoto na wageni. Watu watakuja kumwona, na kwetu kumwambia mgeni asiingie ni kazi. Mwambie tu.

Ndani ya saa chache anatakiwa asimame, afungue macho ukimwita, na ajaribu kula kitu. Kinyesi cha kwanza kipige picha. Chakula kiwe laini na cha vuguvugu: uji mzito wa uwele, yai lililochemshwa na kupondwa, boga. Usimmiminie mdomoni kwa nguvu. Tundu la pumzi liko hapohapo nyuma ya ulimi, na uji ukiingia humo anapata homa ya mapafu. Kulisha kwa bomba mpaka kwenye gole fanya tu kama daktari amekuonyesha kwa mikono yake, na uji usizidi joto la nyuzi 41; wa moto zaidi unaunguza gole.

Dawa ya maumivu itoe kwa saa iliyoandikwa, hata akionekana mzima. Dawa za binadamu za kwenye droo, hapana. Diklofenaki ndiyo iliyoua tumbusi wa Bara Hindi kwa mamilioni, na hao walikula tu mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo.

Piga simu mara moja ukiona: damu inayoendelea kudondoka, mkia unaopanda na kushuka kwa kila pumzi, ngozi iliyojaa hewa kama puto, kichwa kilichoinama upande, au saa 12 kupita bila kinyesi.

## Hatua ya 8: Siku ya 2 mpaka ya 13

Pima kila asubuhi. Kidonda kitazame mara mbili kwa siku bila kukigusa. Wekundu kidogo siku tatu za kwanza ni kawaida. Usitegemee kuona usaha ukitiririka: wa ndege ni mkavu, wa njano, mgumu kama kiini cha yai lililochemshwa. Ukiona uvimbe mgumu wa namna hiyo, rudi kwa daktari. Usipake mafuta ya mgando wala dawa yoyote ya mafuta. Manyoya yakilowa mafuta hayatunzi joto tena.

Akidokoa nyuzi za mshono, muulize daktari kuhusu kola ya shingoni ya kumzuia. Wengine hukata tamaa nayo na kuacha kula, kwa hiyo siku ya kwanza ya kola mpime asubuhi na jioni. Mara nyingi kinachomfanya adokoe ni upweke au maumivu. Mpe boksi la kuchana, kaa naye, zungumza naye. Usiku apate saa 10 hadi 12 za giza.

Na pointi zile saba, endelea nazo. Kama siku ya tano jumla inashuka kila jioni, uzito unashuka, na daktari hana kingine cha kufanya, mwombe amlaze kwa upole: kwanza dawa ya usingizi, halafu ndiyo ya mwisho. Utasikia watu wakikuambia, "Si umchinje tu?" Kuku aliyepewa dawa za usingizi na maumivu haliwi. Na ndege aliyekuamini mpaka akapanda mwenyewe kwenye mizani anastahili kuondoka bila woga.

Akifa na hujui kilichomuua, mweke kwenye friji, usimgandishe, umpeleke siku hiyo au kesho yake. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo Dodoma. Majibu yatakusaidia kama una ndege wengine.

## Hatua ya 9: Siku ya 14

Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Siku hiyo fungua ukurasa wa kwanza wa daftari, ile orodha ya mambo matano, na uweke alama kwenye yaliyorudi.

Ndege aliyefaulu yuko ndani ya gramu chache za namba yake mpya, anajisafisha manyoya mpaka ya kifuani, kinyesi kina sehemu zote tatu, na angalau mambo matatu kati ya matano yamerudi. Rudisha kijiti kimoja cha juu kila baada ya siku mbili. Kuoga kusubiri mpaka daktari aruhusu. Mizani ibaki hapohapo mezani, mara moja kwa wiki.

Siti alirudisha la kwanza siku ya sita. Nilikuwa jikoni nikichagua mchele, saa 12 jioni, bodaboda haijafika bado, nikasikia mluzi wake chumbani.